Mashua Iliyoonekana Turkana

Akinyi nyathina, mtoto wangu,

Mambo ya sweta, ya blanketi la pili na ya baridi ya Eldoret umeshaambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii, na dani, nyanya yako, amekuambia tena kwa simu kutoka Katito. Mimi nayaruka. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako anapiga pasi nguo zako sebuleni kwa sababu haniamini na kola. Mimi nimekaa jikoni na kalamu, na mkono wenyewe unashangaa, maana umezoea kibodi.

Nataka kukueleza habari ya Barasa. Kesho ukishuka Eldoret ndiye atakayekupokea, na ndiye utakayemwita bosi. Wewe unamkumbuka kama Uncle Barasa, yule aliyekuwa akija kwetu Jumapili baada ya kanisa na kula mpaka wewe unacheka, halafu akaacha kuja. Uliniuliza mara nyingi. Nilikujibu, "Amepata kazi mbali." Haukuwa uongo, lakini halikuwa jibu. Kila nikianza kuieleza habari ile najikuta nimepotea katikati. Sijui nianzie kwa nani wala nimalizie kwa nani. Basi nitaiandika ilivyotokea, uichambue mwenyewe. Umesoma kuliko mimi.

Ulikuwa bado shule ya msingi, na wakati huo ulikuwa umeenda kwa dani yako likizo. Mimi na Barasa tulikuwa tunatengeneza kisanduku cha kufungwa kwenye mashua za wavuvi. Watu wakipatwa na shida ziwani wanabonyeza kitufe, na kisanduku kinatuma kwa redio mahali walipo. Katika ofisi ya bichi ya Dunga, ufuoni wanapotia nanga wavuvi, kungekuwa na kompyuta ndogo, bodi ya kutoshea kiganjani, ambayo inapokea ujumbe na kuweka nukta nyekundu kwenye ramani. Ni hivyo tu. Kitu kidogo. Tulikuwa tumezika watu wengi mno ambao walipotea mahali ambapo mtu angeweza kufika kwa mashua ya injini kama angejua tu aelekee wapi.

Mimi niliandika upande wa C, lugha ya zamani ya kompyuta. Niliandika programu ya kisanduku chenyewe, na maktaba, yaani kipande cha programu kinachoitwa na programu nyingine, ya kufungua ujumbe wa redio ukishafika ofisini. Barasa aliandika programu ya ofisini kwa lugha nyingine, Rust. Programu yake iliita maktaba yangu, ikapewa namba, ikachora nukta. Tulikuwa tunataniana kwamba yeye na mimi ni kama ndoa ya Mluhya na Mjaluo, kila mtu na lugha ya kwao na nyumba inasimama. Alikuwa mpole kuliko mimi. Alikuwa anasoma msimbo wangu taratibu, akikuta jambo hajalielewa anasema, "Mama Akinyi, hapa nieleze kama mtoto." Mimi nilikuwa nafikiri hiyo ni dalili ya mtu asiye na haraka ya maisha.

Tulijaribu mara ya kwanza kwao, Port Victoria, tukitumia ile bodi. Nukta zilikaa juu ya maji sawasawa. Tukajaribu mara ya pili hapa Dunga. Siku hiyo bodi ilikuwa bado kwa fundi akiiwekea kifuniko cha kuzuia maji, kwa hivyo tulitumia laptop ya Barasa. Nukta zikakaa juu ya maji tena. Tukapeana mikono. Tukasema iko tayari.

Sasa angalia ramani kichwani mwako. Ikweta inapita katikati ya sehemu hizo mbili. Port Victoria iko kaskazini yake, Dunga iko kusini. Kaskazini tulijaribu na bodi, kusini tukajaribu na laptop. Kusini na bodi hatukujaribu kabisa. Ukiisoma hivi unaona wazi, sivyo? Mimi niliishi ndani yake na sikuona.

Asubuhi tuliyofunga bodi ofisini, baba yako alikuwa na safari ya kwenda Kendu Bay kumtengenezea mteja injini ya mashua. Aliondoka na Odongo, mwenye mashua, na kisanduku chetu cha kwanza kikiwa kimefungwa kwa waya karibu na usukani. Baba yako alikuwa anajivunia kile kisanduku kuliko sisi tuliokitengeneza. Alikuwa anamwonyesha kila mtu. "Hii ni ya mke wangu," alikuwa anasema. "Nikipotea, ananiona."

Mchana wingu lilikuja kutoka upande wa Homa Bay. Unalijua wingu la namna hiyo. Wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, walianza kukunja nyavu zao kabla hata upepo haujafika. Mimi na Barasa tulikuwa ofisini tunakunywa chai. Kisha bodi ikalia.

Nakumbuka nilisimama na kikombe mkononi. Barasa aliangalia ramani ya ziwa. Ziwa lilikuwa tupu. Akaipunguza, tukaona Nyanza yote, tupu. Akaipunguza tena mpaka Kenya nzima ikaonekana, na nukta nyekundu ilikuwa huko juu kabisa, kati ya Kakuma na Lokichogio.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni wao. Namba ya kisanduku ni yao."

"Wako Turkana?"

"Inasema hivyo," akajibu polepole.

Mzee Ogola, mwenyekiti wa bichi, aliingia mvua ikimtiririka kwenye kofia. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kisanduku kimelia, na vijana wa mashua walikuwa nyuma yake wakisubiri.

"Wako wapi, tutume watu?"

Akaja mwenyewe mbele ya skrini.

"Hapa ni wapi?"

"Turkana, Mzee," Barasa akasema.

"Turkana ya wapi?"

"Turkana ile."

Mzee Ogola alituangalia mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekuta watoto wamewasha moto ndani ya nyumba. Nje upepo ulikuwa umeanza kupiga mabati. Bodi ikalia tena. Nukta ilikuwa palepale jangwani.

Barasa alifungua laptop yake. "Kwangu inafanya kazi," akasema. "Tulijaribu hapa hapa. Acha nichomoe redio kwenye bodi niichomeke kwenye laptop, tuone."

Alinyoosha mkono kushika waya wa redio, na mimi nikausukuma ule mkono. Niliusukuma kwa nguvu, Akinyi.

"Usiguse! Ukichomoa tukikosa hata huo ujumbe?"

"Kinatuma kila mara. Tutakosa mmoja tu."

"Na kama kimeanza kuingia maji? Kama huu ndio wa mwisho?"

"Mama Akinyi, dakika moja tu."

"Ni programu yako, Barasa!" nikapiga kelele. "Maktaba yangu iko sawa! Programu yako ndiyo imempeleka mume wangu Turkana!"

Niliisema kwa Kiswahili. Halafu nikairudia kwa Dholuo, ili hata wale waliosimama mlangoni wasiosikia Kiswahili vizuri wajue ni nani. Barasa aliurudisha mkono wake. Akaifunga laptop.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki kuhusu ule waya. Hofu yangu ilikuwa ya kweli. Redio ile ilikuwa mpya, hatukuijua bado, na kisanduku kilikuwa kwenye maji. Lakini yale maneno ya baadaye hayakuwa ya hofu. Hayo nilitaka tu yawe ya mtu mwingine.

Nilibaki mbele ya ramani peke yangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilikuwa nasoma namba zilezile kwa sauti kama mtu anayesali. Digrii thelathini na nne, dakika thelathini na nane mashariki. Digrii tatu, dakika hamsini na nane kaskazini. Nikazirudia. Ndipo nikaona kwamba namba ya mashariki haikuwa ya Turkana pekee. Ilikuwa yetu pia. Ukiteremsha mstari kutoka pale nukta ilipo, kwenda kusini moja kwa moja, unakuja kupita karibu na Kisian, unaingia ziwani, unatokea Kendu Bay.

"Mzee," nikasema, "nafikiri mashariki na magharibi ni sahihi. Ni kaskazini na kusini ndiyo imeharibika."

"Kwa hivyo nusu ya hii kitu inasema ukweli?"

"Nafikiri hivyo."

"Unafikiri."

"Nafikiri, Mzee. Sijui."

Alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anapima kama anaweza kupeleka watoto wa watu ndani ya mawimbi yale kwa neno "nafikiri". Halafu akawageukia vijana. Mashua moja ianzie upande wa Kisian iteremke na ule mstari. Kule Kendu akampigia simu shemeji yake atoe mashua nyingine, ipande kutoka upande wa pili wakutane katikati.

Sitakueleza ile saa ya kungoja. Baba yako yuko hapo sebuleni, nasikia pasi, na bado kuiandika kunanifanya niinuke kumchungulia.

Waliwapata kabla giza halijaingia. Mashua ilikuwa imepinduka, nao wawili wameishika kwa juu, Odongo upande mmoja na baba yako upande mwingine. Walipofikishwa Dunga baba yako hakuweza kusimama. Barasa ndiye aliyeingia majini na nguo zake zote akamshika miguu, vijana wakamshika mabega, wakamtoa. Nilimfunika kwa leso ya mama mmoja muuza samaki. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, lakini alitaka kuongea.

"Odongo alitaka tuogelee," akasema. "Alikuwa anaiona miti ya Kendu. Nikamwambia, shika mashua, usiende popote. Mke wangu anatuona."

Nilikuwa nimemshika kichwa. Nilikuwa namwona, ndiyo. Nilikuwa namwona jangwani.

Baadaye Odongo mwenyewe aliniambia kwamba kama wangeogelea wangekufa, maana magugu yalikuwa yamefunga ule ufuo wote na mawimbi yangewatia ndani yake. Kwa hivyo sikiliza lile linalonisumbua mimi usiku na mchana. Kisanduku kiliwaonyesha mahali pa uongo. Lakini baba yako alishikilia mashua kwa sababu alikiamini, na kushikilia ndiko kulikomwokoa. Je, kile kisanduku kilimwokoa au kilitaka kumuua? Nimemuuliza mchungaji, nimemuuliza baba yako, nimejiuliza mwenyewe. Kila mtu ana jibu lake.

Nilipoinua macho siku ile kumtafuta Barasa, alikuwa ameshachukua begi lake. Nilimwona mgongo tu, nguo zimemgandama mwilini, anapanda njia ya kuelekea barabarani. Ningeweza kumwita. Kulikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wamenisikia. Niliona aibu kumwita, na wakati huohuo nilikuwa bado naamini kwamba kosa ni lake. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu pamoja, usiniulize vilikaaje.

Siku zilizofuata nilileta bodi nyumbani. Nitakuambia ukweli, sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta kosa la Barasa, nimtumie, niwe na haki yangu mkononi. Nilisoma programu yake mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Nikaiweka ileile kwenye laptop yangu, nikailisha ule ujumbe wa siku ile, baiti kwa baiti kama ulivyotoka ziwani. Nukta ikatua ndani ya ziwa, karibu na Kendu. Nikailisha bodi ujumbe huohuo. Turkana. Laptop, ziwani. Bodi, Turkana. Programu ni moja, ujumbe ni mmoja, majibu mawili. Nilizima vyote, nikaenda nje, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikarudi. Ziwani. Turkana.

Wewe kazi hii unaijua, lakini acha nikuandikie kama ninavyomweleza dani yako, maana nikiieleza kwa maneno ya kazi naona kama inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Ili ujumbe uwe mfupi, nilikuwa nimeweka dakika za latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, ndani ya baiti moja, chumba kidogo cha kuwekea namba, na upande wa kusini wa ikweta nikauwekea alama ya kutoa. Mashua ilikuwa kwenye kutoa kumi na nane. Baiti ina nafasi mia mbili hamsini na sita, basi. Unaweza kukubaliana kwamba nusu yake ni namba za chini ya sifuri, au ukakubaliana kwamba zote ni za juu ya sifuri. Baiti yenyewe haijui. Ile ambayo kwa makubaliano ya kwanza inasomwa kutoa kumi na nane, kwa makubaliano ya pili inasomwa mia mbili thelathini na nane. Na dakika mia mbili thelathini na nane kaskazini ya ikweta zinakufikisha Turkana.

Katika maktaba yangu nilikuwa nimeiita namba ile `char`. Ni neno la C, nimelitumia tangu chuoni kama mtu anavyotumia kijiko. Ambalo sikulijua ni kwamba C haikuwahi kusema kama `char` ina alama ya kutoa au haina. Imeachia kila mashine iamue. Laptop zetu zinaamua ina. Bodi ile iliamua haina.

Na Barasa? Rust yake haina utata huo ikiwa peke yake, maana kuna `i8` yenye alama na `u8` isiyo na alama, na lazima uchague. Lakini Rust ikitaka kuzungumza na C, ina neno la heshima la kumpokea mgeni, `c_char`, ambalo hugeuka kufuata vile C ya mashine ile inavyosema. Barasa aliona `char` kwangu, akaandika `c_char` kwake, kama anavyotakiwa mtu mwangalifu. Kwenye laptop likawa na alama. Kwenye bodi likapoteza alama, kimya kimya, bila onyo, kwa utiifu kabisa.

Nilikaa nikiangalia yale maneno mawili. Langu linaruhusiwa. Lake ndilo linalofaa. Nilitafuta pale ambapo mmoja wetu aliandika uongo, sikupaona.

Halafu likanijia lile jingine. Barasa alikuwa ameomba kuchomeka redio kwenye laptop. Angeichomeka, nukta ingetua karibu na Kendu palepale, na vijana wangeenda moja kwa moja.

Nilimwambia baba yako akiwa nje anasafisha spana zake.

"Kwa hivyo angechomeka..." akaanza.

"Tungekuona palepale."

"Na kama mngechomoa mkapoteza ujumbe?"

"Sijui."

"Basi hujui," akasema. Alifuta spana moja mpaka ikang'aa. "Lakini kuna jambo unalijua. Uliwaambia watu wa Dunga ni yeye. Rudi uwaambie."

Nilirudi. Nilichagua siku ambayo wengi wako pale, mashua zimeshatia nanga na akina mama wanagombania samaki. Nikasimama mbele ya Mzee Ogola nikasema kwa sauti ileile, kwa Kiswahili halafu kwa Dholuo, kwamba nilisema Barasa alikosea na haikuwa kweli.

"Kwa hivyo ni wewe ulikosa?" Mzee Ogola akauliza.

"Si mimi peke yangu, Mzee. Kila mmoja aliandika sawa kwa upande wake."

"Hakuna mtu alikosa?"

"Ni kwamba hatukusema kitu ambacho kila mmoja alidhani kimeshasemwa."

Alifikiria sana. "Nyar Nyakach," akaniambia, yaani binti wa Nyakach, "mashua inaendaje Turkana bila mtu kukosa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaanza kulia katikati ya kicheko, na yule mama wa leso akanivuta kando akanipa kiti cha kukalia. Nilikuwa nimekuja kumsafisha Barasa, na sidhani hata mmoja alielewa kama nimemsafisha. Wengine waliondoka wakisema mimi ndiye niliyekosa, wengine wakasema kompyuta, wengine wakasema shetani. Niliwaacha hivyo. Nilikuwa nimesema nilichokuja kusema.

Kisha nikaenda Port Victoria. Barasa alikuwa kwa mama yake, amekaa kwenye baraza anatengeneza redio ya jirani. Mama yake alinikaribisha vizuri sana, akanipa uji, na hapo nikajua kwamba hakuwa amemwambia kitu. Nilisubiri mama aingie ndani.

"Nimeipata," nikamwambia. "Ni `char`."

"Najua," akasema bila kuinua kichwa. "Niliijua nikiwa kwenye gari siku ileile. Tulipopita Maseno."

Maseno, Akinyi. Pale ambapo ikweta inakata barabara.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungesikia?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nikaufunga. "Sijui kama ningesikia," nikamjibu.

Hapo ndipo aliponiangalia mara ya kwanza. "Mimi pia nilichanganyikiwa," akasema. "Nilijua ni kitu gani, lakini sikujua ni cha nani. Njia yote nilikuwa najiuliza, je, ningeuliza? Ile siku niliposoma `char` kwako, kidogo nikuambie unieleze kama mtoto. Nikaona ni neno dogo sana. Nikaona utanicheka."

Na ningemcheka. Hilo nalijua kwa hakika, na ni katika mambo machache ya habari hii ninayoyajua kwa hakika.

Tulitoa laptop, tukarekebisha palepale barazani. Mimi nikabadilisha `char` ikawa `int8_t`, namba ambayo alama yake iko wazi kila mahali. Yeye akaandika `i8`. Neno moja kila mtu. Tukajaribu kwa bodi, kusini na kaskazini, na nukta zikakaa. Nikamwomba arudi Kisumu.

"Sina hasira," akasema. "Nafikiri sina. Lakini ile ofisi siwezi kuiingia tena. Acha tu, Mama Akinyi."

Nikaacha. Visanduku vilifungwa kwenye mashua za Dunga na vinafanya kazi. Kuna watu wanaotembea leo kwa sababu ya visanduku hivyo, na wanapomshukuru mtu, wananishukuru mimi. Nikiwaambia kulikuwa na Barasa, wanasema, "Yule aliyekosa?"

Sasa unajua. Ulipoomba kazi Eldoret hukujua kampuni ni ya nani, nami sikujua pia, mpaka siku aliponipigia. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito, ya mtu mwenye wafanyakazi.

"Kuna msichana ameomba kazi hapa," akasema. "Jina nalijua. Ni yule?"

"Ni yule."

Nikasikia anageuza karatasi.

"Anaandika vizuri," akasema. "Anauliza sana maswali. Namchukua."

Nikataka kusema kitu, simu ikakatika. Sijui kama alikata au ni mtandao. Nimeigeuza simu ile kichwani kila siku tangu wakati huo. Je, ni msamaha? Ni kazi tu? Ni kwamba wewe ni mzuri na mimi sihusiki kabisa? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo linaloniuma zaidi.

Ushauri sina mwingi. Huko kazini utasikia watu wakisema, "Kwangu inafanya kazi." Usikasirike kama mimi. Muulize tu, "Kwako ni wapi?" Mara nyingi ndani ya jibu lake ndimo kitu chenyewe kilimo. Na ukikuta neno dogo ambalo kila mtu anapita juu yake na wewe hulielewi, uliza, hata kama watacheka. Mtu akikucheka, ni mimi huyo, miaka ile. Mhurumie, lakini usinyamaze.

Ila kuhusu ule waya, sina la kukufundisha. Itafika siku utakuwa umeushika mkononi, mtu anakuomba umwachie, na huna hakika kama ukiachia utapata au utapoteza. Nimekaa miaka nikitafuta kanuni ya saa kama ile nikuachie wewe. Sikuipata. Labda kitu pekee ni kwamba hata ukikataa, unaweza kukataa bila kumsukuma mtu mkono.

Baba yako ameingia sasa hivi kuuliza kama nimekuandikia usisahau chaja. Nimemwambia ndiyo. Basi, usisahau chaja.

Nenda kwa amani, mwanangu, na mikono ya Mungu iwe mbele yako na nyuma yako. Mfanyie Barasa kazi vizuri kwa ajili yako, wala usijaribu kulipa chochote kwa niaba yangu. Ukinipigia kesho usinieleze amesema nini juu yangu, mpaka nikuulize.

Nitakuuliza.

Mama yako